Maandishi Usoni pa Mumbua

Siku ya soko mjini Mwingi, Kisilu alifungua debe la mafuta ya kung'arisha uso, akachomeka kijiko, akaanza kuwapimia wanawake. Kila mmoja alikuja na kichupa chake. Mafuta ya kopo yalikuwa ghali, na hakuna aliyeona haja ya kulipia karatasi iliyobandikwa. Debe lenyewe halikuwa na karatasi.

Mumbua aliyapaka hadi uso ukawa rangi ya papai bivu. Asubuhi moja, alipokuwa akinawa, maandishi yalimtokea shavuni, madogo, meusi, kwenye mistari iliyonyooka. Kwenye kioo yalisomeka kinyume, kwa hiyo akamwita dadake Ndinda, aliyekuwa akichambua mbaazi.

Ndinda alimshika kidevu, akasoma. "Ina zebaki, ambayo ni sumu. Huharibu figo. Mwenye mimba asipake."

"Na hapo chini?"

"Chini kuna chunusi, sioni."

Mumbua alikuwa na mimba, ya kwanza kukua hadi mtoto akacheza. Walimwaga mafuta nyuma ya choo, wakaenda kumwambia Kisilu aache kuyauza.

Dukani kwake walimkuta Mugo, bwana afya, kijana mwenye tai. Tayari alikuwa ameshika mkono wa debe. "Mzee, hii haina maandishi. Naichukua." Ndinda akamshukuru Mungu kimoyomoyo, akamsukuma dadake mbele awe ushahidi.

Mugo alivaa miwani, akasoma shavu lote. Akalowesha kidole gumba, akasugua. Hayakutoka.

"Inasomeka. Haifutiki. Iko kwa lugha wanunuzi wanaelewa," alisema, akaliachilia debe. "Basi iko sawa."

"Iko sawa aje, bwana? Dada yangu ana mimba!"

"Na imeandikwa mwenye mimba asipake. Ameonywa."

"Lakini ilitokea akishapaka!"

Mugo alifungua kitabu chake cha sheria, akatafuta kwa moyo safi kabisa, ukurasa baada ya ukurasa. "Haisemi itokee lini," alisema kwa huzuni. "Inasema tu iwe karibu na bidhaa."

Kisilu alileta kigoda. "Keti hapa mlangoni, mwaitu, mama yangu. Chai ni juu yangu."

Mumbua aliketi kwa hiari yake. Aliamini kwamba wanunuzi wakisoma hawatanunua.

Walisoma. Wasiojua kusoma walisomewa. "Woi, pole, mwana wa mama," walimwambia, kisha wakanyoosha vichupa.

"Hujasikia figo?" Ndinda alimuuliza mmoja.

"Figo nani anaiona? Bwana yangu anaangalia uso."

"Na mimi mimba nitapata wapi, na miaka hii?" akasema mwingine, na foleni nzima ikacheka.

Mvua zilipoanza, uso wa Mumbua ulivimba, na herufi zikakua nao. Madereva wa malori ya Garissa walizisoma bila kushuka. Kisilu alifurahi, maana hata Mugo hakuhitaji miwani tena.

Siku moja kabla ya adhuhuri, Mumbua alimnong'oneza dadake kwamba mtoto hajacheza tangu jana. Ndinda alimshika kwapani, akaanza kumwinua ampeleke hospitali.

"Ngoja kidogo," alisema Kisilu, kijiko mkononi, akimwonyesha mnunuzi mwenye kichupa. "Huyu mama hajamaliza kusoma."

Mumbua akamgeuzia shavu.