Midomo ya Wafumaji

Noreen Hargreaves alikuwa ghalani akifunga kisanduku cha viatu wakati kifaa alichofungwa mkononi kilipotetemeka kumwambia kwamba anachelewa. Akakitazama kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani, kisha akaendelea kwa mwendo wake uleule. Umri wa kustaafu alikuwa ameukimbilia, ila serikali iliusogeza mbele kila alipoukaribia.

Ghala hilo zamani lilikuwa kiwanda cha kufuma pamba. Noreen aliingia humo akiwa msichana, na kabla yake waliingia mama yake, bibi yake, na mama wa bibi yake, aliyewahi kukatwa mshahara kwa kosa la kufungua dirisha. Enzi hizo tajiri aliirudisha nyuma saa ya ukutani ili watu wamfanyie kazi zaidi. Sasa hana haja ya kujisumbua. Saa kafungwa mfanyakazi mwenyewe, na inahesabu hata haja ndogo. Watu wa mji ule hupenda kusema dunia imeendelea. Imeendelea, ndiyo. Zamani ukikatwa kidole, angalau damu ilionekana.

Ng'ambo ya mkanda wa kupitishia mizigo alisimama Shazia, mjukuu wa mzee aliyevuka bahari kutoka Mirpur kuja kufanya zamu za usiku katika kiwanda hichohicho. Shazia alikuwa na mimba changa, na tangu asubuhi uso ulikuwa umempauka. Tayari alikuwa na alama mbili za adhabu kwa kuondoka mezani nje ya mapumziko. Ya tatu, unaonyeshwa mlango.

Kuzungumza kazini kulikatazwa, na mkanda ulinguruma. Shazia akasema kwa midomo tu, akiitanua kwa kila neno: "Anti, nitatapika."

Ndivyo walivyozungumza zamani wafumaji wa mji ule, maana mitambo haikuliachia sikio nafasi. Walisengenya, walitongozana, walipanga migomo, yote kwa midomo bila sauti. Noreen aliwafundisha wanawake wa safu yake lugha hiyo kwa mzaha, wapate kuwacheka wasimamizi.

"Nenda, mwanangu," akamjibu kwa midomo.

"Ninazo mbili. Mume wangu Usman hana kazi. Nikifukuzwa leo tutakula nini?"

Darren, msimamizi, akaja na simu yake ya upepo kiunoni. "Shazia, mbona mikono imelala?"

"Naomba niende chooni kidogo, kaka."

"Subiri mapumziko. Ukitoka sasa ni ya tatu, na anayeandika ni mashine, si mimi. Usinitie matatani."

"Darren, mtoto wa watu anaumwa," Noreen akadakia kwa sauti. "Bibi yako angekuzaba kofi."

"Bibi yangu hakuwa na wakubwa wa kumchungulia kwa kamera."

"Alikuwa nao. Walichungulia kwa macho yao."

Darren hakuwa mtu mbaya. Bibi yake, Agnes, alifuma bega kwa bega na Noreen miaka mingi. Lakini mkate wake nao ulitoka huko juu.

Shazia akaziba mdomo kwa kiganja. Hasira ikampanda Noreen, na nyuma ya hasira ikaja fahari ambayo hakuwa ameionja tangu kiwanda kifungwe. Yeye alikuwa mfumaji, mtoto wa wafumaji. Akauinua uso na kuitanua midomo polepole, meza hadi meza ione: "Sote. Chooni. Sasa hivi."

Safu nzima ikavua glavu. Wakamweka Shazia katikati, wakaondoka. Nyuma yao visanduku vikarundikana, vikaanguka, na mkanda ukajizima wenyewe.

Choo kilikuwa kimoja. Wakapanga foleni, Shazia akatangulia, na hakuna aliyemharakisha. "Tapika yote, dada," mmoja akamwambia kupitia mlangoni.

Simu ya upepo ya Darren, aliyewafuata hadi pale, ikakoroma kwa sauti ya mkubwa wake. "Nani kaanzisha? Lori linangoja. Nipe jina moja tu."

Wote walisikia, na wote walijua hilo jina moja lilitakiwa kwa kazi gani. Darren akamtazama Noreen. Alikulia katika jiko la Agnes, ambako wanawake walizungumza kwa midomo ili watoto wasisikie, na watoto walikuwa wamejifunza kitambo kuisoma midomo hiyo. Tena Noreen alipoitanua midomo kule mezani, Darren alikuwa amesimama mbele yake.

"Sikusikia mtu akisema neno," akajibu.

"Na kamera?"

"Kamera zitakuonyesha watu walio kimya, mkuu."

Huwezi kufukuza safu nzima huku lori limesimama mlangoni. Baada ya muda vifaa vikatetemeka mikononi mwao kwa pamoja: alama zimesamehewa kwa leo tu, rudini mezani. Kwa leo tu, kana kwamba mimba ni ya siku moja.

Wakarudi. Shazia alikuwa amenawa uso, akavaa glavu zake. Mkanda ukaanza tena kunguruma. Noreen akainua kichwa, akaitanua midomo ili ionekane hadi meza ya mwisho.

"Na kesho?"

Safu nzima ikamjibu, pasipo sauti hata moja: "Na kesho."