Pua ya Kijiji

Shangazi yangu alikuwa na cheo ambacho hakimo katika serikali yoyote: alikuwa Pua. Tulimpa wenyewe, mwaka ule kampuni ilipopitisha bomba la gesi katikati ya mashamba yetu na mhandisi wao akaja shuleni na kitambaa ndani ya chupa. Alipokitoa, darasa zima lilinuka mayai viza.

"Mkisikia harufu hii, msiwashe moto. Pigeni namba iliyoandikwa kwenye vigingi vya njano," alisema. "Msipoisikia, kaeni kwa amani." Akatupiga picha tukiwa tumebana pua, akapanda gari lake.

Watu wa kwetu hawajui kufanya jambo nusunusu. Tuliona haifai kila mtu anuse kivyake, maana wengine wana mafua na wengine pua zimejaa ugoro. Tukamchagua shangazi, ambaye angekutajia ulichokula jana kabla hujamsalimia. Kila asubuhi alitembea kando ya bomba, mikono nyuma, kichwa juu, na akifika mwisho alipaza sauti: "Safi!" Ndipo majiko yalipowashwa. Mtu akitaka kuchoma taka au tanuri la matofali, alimwita kwanza. Hakulipwa hata shukrani. Mimi nilimtania kwamba siku akipata mafua kijiji kizima kitashinda njaa, naye aliniambia nifunge domo nishone nguo za watu.

Mvua za mwaka huu zilipokolea, kila kitu kikawa kijani isipokuwa ukanda mmoja juu ya bomba, ambako majani yalikauka, na dimbwi la pale likaanza kutoa mapovu. Shangazi alipiga ile namba. Msichana aliyepokea alimuuliza, "Mnasikia harufu?" Shangazi akasema hapana. "Basi hakuna gesi, mama. Asante kwa kupiga." Aliridhika, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa ameinama juu ya mapovu yale mpaka ncha ya pua ikalowa.

Tanuri la kijana mmoja mchoma matofali lilikuwa karibu na hapo. Alimwita shangazi kama kawaida. Shangazi akalizunguka, akanusa huku na huku, akasema, "Safi. Washa, mwanangu."

Kijana akawasha kiberiti. Moto haukutoka kwenye tanuri, ulitoka ardhini, ukampanda mikononi hadi usoni. Alinusurika, ashukuriwe Mungu, lakini mikono ile haikuwa tena ya kufinyanga tofali.

Kampuni ilifunga gesi, ikachimba, ikaziba, ikafukia. Hakuna aliyemtupia shangazi neno usoni. Walichofanya kilikuwa kibaya zaidi: waliwasha majiko yao bila kumsubiri. Naye akajifungia chumbani, akageukia ukuta. Chakula nilichompelekea nilikikuta kimepoa palepale.

"Mimi ndiye niliyemwambia awashe," alikuwa akisema. "Pua hii ningeweza kuikata, ningeikata."

Ndipo ukaitishwa mkutano shuleni. Alikuja mhandisi yuleyule, na mkaguzi wa serikali, yule ambaye kazi yake ni kuyasimamia mabomba. Walikaa meza ya mbele na chupa zao za maji. Sisi tulijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu.

"Tunasikitika sana," mhandisi alisema. "Ila taarifa ya harufu haikutufikia. Uelewa wa wananchi bado uko chini. Tutarudia mafunzo."

Damu ilinichemka. Nikasimama. "Harufu haikuwepo! Shangazi yangu alinusa!"

Mkaguzi alinitazama kama mtu anayemweleza mtoto mambo ya wakubwa. "Isingekuwepo, dada. Gesi yenyewe haina harufu. Harufu inatiwa kwenye kituo cha mjini, kabla haijaingia majumbani. Hili la kwenu ni bomba la kusafirishia tu, na kwenye nyumba chache kanuni hailazimishi."

"Na kile kitambaa?" niliuliza.

"Yale ni mafunzo ya kawaida," mhandisi alijibu, akijipangusa shingo. "Yanatolewa hivyohivyo kila mahali."

Nyumba chache! Kumbe kuna mtu alikaa ofisini akatuhesabu, akaona hatufikii idadi ya watu wa kuonywa. Kisha wakaja kutufundisha kunusa kitu ambacho hawakukitia, na kitu kilipolipuka wakasema hatukunusa vizuri. Nilitoka bila kuomba ruhusa, nikakimbia hadi nyumbani.

Shangazi alikuwa bado kaangalia ukuta. Nilimweleza yote nikihema. Aliketi, akaniambia nirudie. Nikarudia. Nilidhani atalia kwa kutuliwa mzigo, nikawa tayari na kanga ya kumfuta machozi. Badala yake alitafuta viatu.

"Wameshaondoka?"

"Bado."

Hatukwenda shuleni moja kwa moja. Tulipitia kwanza kwa mama yake mchoma matofali. Sijui shangazi alimwambia nini yule kijana mle ndani, ila alitoka naye, mikono imefungwa bandeji hadi viwikoni, akitembea nyuma yetu kwa shingo upande.

Tuliwakuta wakikusanya makaratasi. Shangazi alisimama mlangoni, akauziba mlango mzima.

"Mwambie," alimwambia mhandisi.

"Mama, hilo tumeshaliingiza kwenye ripoti na…"

"Sijauliza ripoti. Mwambie huyu hapa, kwa mdomo wako."

Mhandisi aliziangalia zile bandeji, akaangalia pembeni. "Gesi ya huku haina harufu," alisema kwa sauti ndogo.

"Ulijua siku ile ya kitambaa?"

Alimgeukia mkaguzi. Mkaguzi alikuwa anafunga mkoba wake, na mkoba ule ulikuwa na vifungo vingi.

"Nilijua."

Mchoma matofali hakumtazama yeye. Alimtazama shangazi. "Siku zote hizi nilikuwa nakulaani wewe, mama," alisema. Kisha akapiga hatua kuelekea mezani, akainua mkono wa kulia, na vidole vikakataa kukunja ngumi.

Shangazi akakunja yake. Hakuna aliyemshika.