Chupa ya Mwalimu Phoebe

Obadiah aliimwaga ile dawa kwenye shina la mgomba, polepole, akihakikisha halibaki hata tone. Dada yake, Mwalimu Phoebe, alimwona kupitia dirisha la chumba chake. Alitaka kumpigia kelele, lakini mgongo ulikuwa umemkaba, na pumzi aliyokuwa nayo ilimtosha kuguna tu.

"Nimekuokoa," Obadiah alisema aliporudi ndani na chupa tupu mkononi. "Hii mofini ni ya watu wanaongoja jeneza. Na katika nyumba hii, Phoebe! Nyumba hii hasa! Umemsahau Lewis?"

Mama humsahauje mwanawe? Miaka minne iliyopita Lewis alivunjika mguu kwenye machimbo ya vito, kule nyikani upande wa Kasighau. Akapewa vidonge vikali vya maumivu, vya wiki mbili. Mguu ulipona lakini vidonge havikwisha. Alivitafuta kwa wauza dawa wasiouliza cheti. Simu ikaenda, mbuzi wakaenda, hata mabati ya jiko la mama yake yakaenda. Asubuhi moja wachuma majani ya ng'ombe walimkuta kwenye mtaro, midomo imegeuka rangi ya jivu, anapumua kwa kusuasua. Mjomba wake, Obadiah, ndiye aliyembeba mgongoni hadi barabarani. Lewis alikaa kituo cha kurekebisha waraibu miezi sita, akarudi nyumbani Mghange kulima kabeji, na sasa mwaka na nusu ulikuwa umepita bila kugusa kitu.

Kwa hiyo Phoebe alijua hofu ya kaka yake ilikotoka. Ila mgongo ulikuwa wake. Saratani ilianzia titini, ikakatwa, kisha ikarudi kimyakimya na kuota kwenye uti wa mgongo. Vidonge vya kawaida sasa vilikuwa kama kuzima moto wa kichaka kwa mate. Ile chupa aliyopewa hospitali ya Voi alikuwa ameinywa siku mbili tu, na kwa siku hizo mbili alikuwa ameketi kitini kama mtu.

Siku tatu zilizofuata hakuketi. Kina mama wa kanisa walikuja kumwombea, wakamwambia avumilie, kwani hata Ayubu alivumilia.

"Ayubu alilalamika sura nyingi sana," Phoebe alijibu akiwa ameuma shuka. "Someni vizuri."

Walipoondoka alimwita Lewis. Kijana alisimama mlangoni, udongo wa shamba ukiwa bado miguuni. Alikuwa amemsikia mama yake akilia siku tatu na hakujua pa kuweka mikono yake.

"Nataka kurudi Voi kuchukua ile dawa," Phoebe alisema. "Lakini nataka nisikie kwako kwanza. Chupa ikiwa humu ndani, utaweza?"

"Sijui, Mama," Lewis alisema. "Nikikwambia nitaweza nitakuwa nakudanganya. Kuna siku naweza, kuna siku hata kuona sindano ya ng'ombe ni taabu. Wewe kunywa. Lakini mimi usinipe ufunguo. Usinionyeshe hata pahali inakaa."

Katika miaka yote ya uongo, Phoebe hakuwahi kusikia kutoka kwa mwanawe neno lililonyooka hivyo.

Kesho yake walikodi gari la jirani, Probox. Kila kona ya mteremko kuelekea Mwatate ilimpiga Phoebe mgongoni kama mchi. Lewis alikaa naye nyuma, amemkinga kwa mito miwili. Walipofika kliniki ya Voi, muuguzi aliyeitwa Sista Zaitun, mama wa makamo mwenye buibui na miwani, alifungua faili na kukunja uso.

"Mwalimu, dawa niliyokupa ilikuwa ya wiki mbili. Iko wapi?"

"Kaka yangu ameimwaga."

"Ameimwaga." Zaitun alimtupia Lewis jicho. "Samahani, sina budi kuuliza. Nyumbani kwenu kuna mtu aliyewahi kutumia dawa hizi vibaya?"

Lewis aliinamisha kichwa. Phoebe angeweza kusema hapana; faili lisingemsuta. Akajivuta akakaa wima, jasho likimtiririka.

"Yupo. Ni huyu hapa, mwanangu. Nakwambia ukweli ili unisaidie, si ili uninyime. Ukinishuku kwa sababu ya kusema kweli, basi niitie daktari, niitie na mkubwa wake. Siondoki kwenye kiti hiki bila dawa."

Zaitun alivua miwani. "Wallahi, Mwalimu, hakuna anayekunyima. Wengi hunificha, ndipo mambo huharibika." Akavuta kiti karibu. "Nitakupa ya wiki moja moja. Inakaa kwenye sanduku la kufuli, na ufunguo anao mtu asiye Lewis. Kila baada ya saa nne, kipimo hiki, hakizidi. Utasinzia siku za mwanzo. Choo kitafunga, kwa hiyo na hii dawa ya kulainisha choo usiiache. Hutakuwa mraibu kwa kutibu maumivu haya nikikuangalia. Lakini ikizidishwa, huifanya pumzi kuwa nzito, na pumzi ikikata ndio basi. Ni dawa nzuri, na si ya mchezo."

Ufunguo alipewa Mumbe, jirani mjane ambaye hakuogopa mtu, naye akawa anakuja na miwani yake kupima kila dozi. Mchana wa pili baada ya kuanza tena, Phoebe aliamka akaomba kimanga. Alikula bakuli zima la mihogo na maharage, kisha akaenda mwenyewe hadi jikoni akiwa ameshika ukuta. Ngozi ilimwasha, choo kilimsumbua kama alivyoambiwa, na mara nyingine alisinzia katikati ya sentensi. Alisema hayo anaweza kuyabeba.

Siku ya tisa Mumbe alikuja bila miwani. Akavuta dawa kwenye sirinji mpaka mstari usio wake, mara tatu ya kipimo, akampa Phoebe na kwenda zake sokoni. Lewis alirudi kutoka shambani saa saba akamkuta mama yake kitini, kichwa kimeanguka begani, anakoroma kwa sauti ya chini isiyo ya usingizi. Alimtazama midomo. Akajua, kwa sababu rangi ile ilikuwa imewahi kuwa yake.

"Mama! Fungua macho! Vuta pumzi! Tena!"

Alimpigia Sista Zaitun simu huku akihesabu pumzi kwa sauti, akamwinua kichwa, akamwongelesha, akamfinya, hakumwacha azame tena usingizini. Mhudumu wa zahanati, aliyeitwa na Zaitun, alipofika kwa pikipiki na kumchoma sindano ya kuondoa nguvu za ile dawa, Phoebe alifumbua macho na maumivu yakarudi yote kwa pamoja.

Obadiah alikuwa amekwisha kufika. "Niliwaambia!" alifoka. "Niliwaambia itaua mtu!"

"Mjomba, chupa haikukosea," Lewis alisema. "Kipimo ndicho kilikosewa. Mimi niliendelea kunywa hizi vitu nikiwa siumwi tena, ndio zikanimaliza. Mama anaumwa. Ukimwaga tena, utanikuta mlangoni."

Phoebe aliinua mkono. "Kaka," alisema kwa shida, "ulimbeba mwanangu mgongoni, na sitalisahau hilo hata kaburini. Lakini maumivu haya hukuyabeba wewe. Usinichagulie."

Obadiah alitoka bila kuaga. Zaitun alichora mstari mwekundu kwenye sirinji mpya, Mumbe akaapa kutosahau miwani, na dawa ikaendelea.

Jumapili ya pili baadaye Phoebe alikwenda kanisani kwa miguu, amemshika Lewis mkono. Wakati wa maombi ya wagonjwa, Mzee wa Kanisa Obadiah akiwa mbele na daftari la majina, Phoebe alisimama.

"Futa jina langu kwa wanaongoja kufa," alisema. "Mimi ndiye ninayekunywa ile dawa mnayoinong'onea. Inataka kufuli, inataka macho, na juzi nusura iniondoe kwa sababu tulikosea. Lakini nimesimama. Anayelia ndani ya nyumba yake kwa kuogopa midomo yenu, aje nimwelekeze."

Obadiah alikohoa, akasoma jina lililofuata.

Nje, baada ya ibada, mke wa Mbuvi alimvuta Phoebe kando, akatazama huku na huku. Mumewe alikuwa hajatoka kitandani tangu Krismasi.

"Mwalimu," alinong'ona, "kliniki huwa siku gani?"

"Jumanne," Phoebe alijibu, kwa sauti ya kusikika hadi getini. "Na usinong'one."