Kimya, Narekodi

Majirani walimwita Bi Redio, na hakuna aliyemsingizia. Mama huyu aliweza kuanza na bei ya sabuni, akapitia harusi ya shangazi yake, akatua kwenye goti bovu la mumewe, yote hayo kabla chai haijapoa. Kwa miaka thelathini na minne mumewe, karani mstaafu, alisikiliza au alijifanya anasikiliza, na katika ndoa nyingi hizo ni kazi moja.

Kisha Karani akanunua kompyuta, akatangaza kwamba atahamishia humo muziki wa sidii zake zote, mia mbili na kumi na nne, kabla hazijaharibika. Akaweka maiki mbele ya spika, akainua kidole.

"Kimya, mama. Narekodi. Ukikohoa tu, umo ndani ya wimbo."

Bi Redio alimpenda mumewe, basi akafyata ulimi. Kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni alitembea pekupeku, akakatia vitunguu uani, akapiga chafya ndani ya mto. Habari za mtaa zilimjaa hadi tumbo likamuuma. Karani naye alijilaza kitini, macho kayafumba, uso umemnawiri kama mtu aliye likizo. Miezi mitatu ikapita hivyo.

Jumamosi moja Karani alikwenda kunyoa, na binti yao, msusi, akaja kuchapa barua yake.

"Punguza sauti," Bi Redio akamnong'oneza kwa mazoea.

"Kwani kuna mgonjwa?"

Alipoelezwa habari za maiki, binti alicheka hadi akashika meza. "Mama, kompyuta inasoma sidii yenyewe! Unaitumbukiza hapa, dakika tano imemaliza. Haina masikio hiyo. Hata ukitwanga humu ndani, haijui."

"Maskini baba yako. Hakuna aliyemwambia."

Binti akafungua folda ya muziki. Sidii zote zilikuwemo, safi, kila wimbo na jina lake. Kwa tarehe zilizoandikwa pale, Karani alizimaliza wiki ya kwanza. Bi Redio akauvuta waya wa maiki kutoka nyuma ya meza. Ukaja wote. Haukuwa umechomekwa popote.

Alitaka kucheka, akajikuta analia. Mwanamume angesema tu "nyamaza", angenuniwa siku mbili, yakaisha. Lakini kumtembeza mkewe pekupeku miezi mitatu! Ilimuuma kwelikweli.

Karani aliporudi, kidevu kinang'aa, aliikuta maiki imeelekezwa kwenye kiti cha mkewe. Safari hii waya ulikuwa umechomekwa, na binti alikuwa ameshamwonyesha mama yake kitufe cha kubonyeza kabla ya kuondoka zake haraka. Bi Redio akainua kidole.

"Kimya, baba. Narekodi."

Karani akautazama waya, akaiona ile folda iko wazi, akaketi bila kuambiwa.

Bi Redio akayatoa yote. Waliozaa, waliohama, aliyeachwa, paa la jirani, sabuni ilivyopanda tena. Katikati ya paa likamponyoka neno ambalo hakulipanga: "Ungeniomba, ningenyamaza. Ungeniomba tu."

Karani akafungua mdomo. Kidole kikapanda. Akaufunga.

Saa tatu nzima zilipopita, mkewe akabonyeza kitufe. Karani akashusha pumzi. "Mama, nisamehe, mimi..."

"Ngoja kwanza," akasema Bi Redio, akiongeza sauti ya spika. "Tusikilize kama imetoka vizuri."