Foleni ya Chakula

Mwanafunzi wa kwanza kufika alimkuta mhadhiri akipangusa vumbi kwenye meza aliyopewa, ya mwisho kabisa, karibu na mlango wa vyoo. Hakuja kuuliza kozi. Alikuja na simu ya dada yake iliyojifunga, kwa kuwa amesikia huyu mama ni mtu wa kompyuta. Mhadhiri aliigeuza-geuza, akaifungua, akashukuriwa, na kijana akaenda zake kwenye meza ya sheria, ambako kulikuwa na joho jeusi na kila mtu alitaka kulijaribu.

Ilikuwa siku ya vyuo kujinadi shuleni. Madaktari walikuja na mifupa ya plastiki, wahandisi na daraja la mbao. Yeye alikuwa na karatasi moja ya ukutani iliyoandikwa kwa kalamu nene, Shahada ya Mifumo ya Habari. Kompyuta aliyoahidiwa haikuja, maana gari la chuo lilitumwa kumpokea mgeni wa mkuu wa chuo. Jana yake mkuu wa idara alimweleza bila kumung'unya maneno: mwaka huu wakikosa wanafunzi, idara itafungwa na walimu watagawanywa kama vyombo vya marehemu. Akamwagiza awaambie watoto kwamba kazi ziko nje nje.

Wachache waliokuja, kila mmoja alikuja na lake. Wawili walidhani habari ni zile za redioni, wakauliza watafundishwa lini kutangaza mpira. Mmoja alitaka kujua namna ya kuingia kwenye akaunti za watu. Mwingine aliuliza kama kuna hesabu, akajibiwa kuwa zipo, akaaga. Binti mmoja mpole alisema kaka yake alisoma mambo hayo hayo na sasa anauza makava ya simu stendi, na mama yao ameapa hatapoteza mtoto wa pili.

Mhadhiri alitaka kumwambia habari ya kazi nje nje, ulimi ukakataa. Yeye mwenyewe alipohitimu alikaa nyumbani akichambua mchele mpaka shangazi yake akaanza kumtafutia mume. Akamwambia binti kwamba kazi zipo, ila hazimngoji mtu mlangoni. Binti akashukuru, akaenda kwa madaktari.

Ajabu ni kwamba hakuhuzunika. Aliipenda kazi yake kama mtu anavyompenda mtoto asiyesifiwa na majirani. Akakaa, akanywa maji, akawatazama watoto.

Kengele ya chakula ilipolia, ukumbi ulimwagika nje, kisha ukarudi ndani kwa umbo la foleni. Dirisha la jiko lilikuwa moja. Mpishi aliita majina ya kila darasa kwa zamu, waliopo na waliohama, akingoja kila jina liitikiwe. Foleni ikajikunja hadi kwenye meza ya vyooni, na pale mezani ikamwacha msichana mwembamba ambaye wenzake walimwita Wakili, kwa kuwa hakuna ubishi uliowahi kumpita.

"Kila siku iko hivi?" mhadhiri akamuuliza.

"Kila siku. Wa mwisho wanakuta ukoko."

"Kwa nini?"

Wakili alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini mvua hunyesha. Kisha akafikiri. Akasema tatizo ni dirisha moja. Mwenzake wa nyuma akakataa, akasema tatizo ni majina ya waliohama. Wa tatu akasema mpishi hajui asubuhi watakula wangapi, kwa hiyo anapika kwa kukisia. Mhadhiri akaibandua karatasi yake ukutani, akaigeuza, akawapa kalamu. Wakachora jiko, dirisha na madarasa. Wakabishana nani amwambie mpishi idadi, saa ngapi, na nani ahakikishe hadanganywi. Hata wale wa mifupa ya plastiki walisogea. Mhadhiri alisema machache tu: aliuliza, na jibu likija, aliuliza tena.

"Sasa hii ndiyo mifumo ya habari," akawaambia. "Kompyuta inakuja mwishoni."

Wakili alikuwa bado ameikodolea macho ile michoro. "Tukijua wamekula wangapi," alisema polepole, "tutajua pia magunia mangapi ya chakula yalistahili kutumika."

Wenzake wakageuka. Makamu wa mkuu wa shule, mtu mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, alikuwa amesimama nyuma yao, na hakuna aliyejua tangu lini. Hakufoka. Alimwambia mhadhiri kwa upole kwamba alialikwa kutangaza kozi, si kukagua jiko la watu, na kwamba meza yake ilikuwa inahitajika kwa shughuli nyingine. Akaikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni.

Mhadhiri akachukua mkoba wake. Getini alijiona mtu aliyefukuzwa, na bado midomo yake ilikuwa ikicheka. Alikuwa hajafika barabarani aliposikia anaitwa. Wakili alikuwa upande wa pili wa uzio, sahani mkononi, amepoteza nafasi yake kwenye foleni.

"Mwalimu, mimi nilitaka sheria kwa sababu napenda ubishi. Huko kwenu ubishi upo?"

"Umeuona mwenyewe."

"Na kazi?"

"Utaitafuta sana, mwanangu. Sikufichi."

Msichana aliitafakari ile sahani tupu, akatikisa kichwa kidogo kama anayekubaliana na mtu, akarudi ndani.

Simu ya mkuu wa idara ilimkuta mhadhiri kwenye kituo cha basi, ng'ambo tu ya uzio wa shule. Alitaka kujua amepata wanafunzi wangapi.

"Labda mmoja," akasema.

"Mmoja! Na wengine uliwaacha wanafanya nini?"

Kutoka ukumbini sauti zilikuwa zikivuka uzio, nyingi, zikipandana, na juu ya zote moja nyembamba iliyouliza funguo za ghala hukaa kwa nani.

"Wanasoma," alijibu mhadhiri, akapungia basi mkono.