Usitie Mafuta Kwanza

Pikipiki ilikohoa, ikanyamaza kidogo, kisha ikakohoa tena. Chelewa alilijua tatizo papo hapo. Alipeleka mkono wa kushoto chini ya tangi, akaitafuta koki aigeuze kwenye rizavu, mafuta ya akiba, na vidole vikamwambia alichokuwa anakiogopa: koki ilikuwa imeshageuzwa tangu jana. Injini ikazimika katikati ya mwinuko. Zikabaki sauti za matairi yakisaga changarawe, kisha nazo zikakoma.

"Tumefika?" aliuliza mama abiria aliyekuwa nyuma yake.

"Bado, mama. Ni mafuta."

"Yamefanyaje?"

"Yameisha."

Chelewa alishusha stendi, akamshika mama mkono ashuke. Mwili wake ulikuwa mwembamba, lakini mikono ilikuwa mikubwa, ngozi ya vidole imekunjamana na kupauka kama iliyotolewa majini sasa hivi. Maisha yake yote alifua mashuka ya hospitali. Asubuhi hiyo alikuwa ametokea kijiweni akiwa na gauni jeusi lililonyooshwa vizuri kwa pasi, akawaambia madereva kwamba anataka kuvushwa milima, mwanawe anazikwa leo. Vijana walitazamana. Barabara ile ilikuwa inavunja pikipiki, na kurudi ni bila abiria.

"Mpeni Chelewa," mmoja alisema. "Huyo hata akianguka, anaanguka polepole."

Walicheka, kisha wakamwona mama alivyosimama, wakaona aibu.

Jina hilo walimbandika kwa sababu hakuwahi kumpita mtu barabarani. Alikuwa na miaka arobaini na ushee, pikipiki si yake, na kila ilipochubuka rangi tajiri mwenye chombo alimsimamisha kama mwanafunzi. Basi akajizoeza kwenda kwa adabu. Wenzake walipenda kumwimbia ile methali kwa sauti za kitoto: chelewachelewa utamkuta mwana si wako. Siku zote alicheka nao. Leo, walipokuwa wanatoka mjini, mama alimwuliza, "Wenzako wanakuita nani vile?" naye akajifanya upepo umemziba masikio.

Kosa lilikuwa lake, na alilijua. Kwenye kituo cha mafuta cha mjini foleni ilizunguka hadi nyuma ya ukuta. Aliitazama foleni, akamtazama mama kwenye kioo, akajiambia atajaza kituo cha mbele. Kituo cha mbele kilikuwa kimefungwa kamba kutoka pampu hadi pampu, na mlinzi aliwapungia mkono kama anayefukuza kuku. Geji ilikufa zamani, kabla pikipiki haijafika mikononi mwake. Akategemea rizavu. Hakukumbuka kwamba rizavu ndiyo aliyorudia nyumbani jana, akili yake ikiwa imekwenda kwingine.

"Kaa hapo kwenye jiwe, mama. Nijaribu kitu."

Alifunga kifuniko cha tangi vizuri, akailaza pikipiki kwa ubavu wa kushoto, taratibu, kama mtu anayemgeuza mgonjwa kitandani. Petroli kidogo iliyokuwa imejificha upande wa pili ilivuka kuja kwenye koki. Aliisikia ikilamba bati. Akaiinua, akapiga kiki, ikakataa. Akapiga tena, ikaitika.

"Panda upesi, mama."

Walipanda mlima huku Chelewa akizungumza na injini kimoyomoyo. Ilifika kileleni, ikakata pumzi. Mbele yao barabara iliteremka mpaka bonde lenye mstari mmoja wa kijani, na ng'ambo ya bonde, kwenye mgongo wa kilima kingine, paliangaza mabati ya kijiji walichokuwa wanakiendea. Chelewa akaiweka gia huru, akaiacha ishuke yenyewe.

Hapo ndipo simu ilipolia.

Kwa kuwa injini ilikuwa imezimika, mlio ulijaa mteremko mzima. Ulitoka kwenye mkoba wa mama. Ulilia, ukakata, ukaanza upya.

"Mama, simu yako."

"Naisikia."

"Nisimame?"

"Endelea."

Ikalia tena. Chelewa aliutazama uso wake kwenye kioo. Alikuwa ameukumbatia mkoba kwa mikono miwili, ameubana kifuani kama mtu anayemziba mtoto mdomo.

Chelewa akamkumbuka mke wake. Alikwenda kwao kumwuguza mama yake mzazi wakati wa baridi. Mzazi akapona, mke hakurudi. Kila jioni Chelewa alikaa ukingoni mwa kitanda akapiga simu, ikalia mpaka ikachoka. Siku zote alijiuliza mtu aliye upande wa pili anafanya nini wakati ule. Leo alimwona kwenye kioo.

Bondeni pikipiki ilipungua, ikasimama karibu na shamba la kabichi. Pampu ndogo ya maji ilikuwa inanguruma kando ya birika la mawe la kuhifadhia maji, na mkulima aliyevaa buti za mpira alikuwa anahamisha bomba kutoka tuta hadi tuta. Chelewa alimwendea, akamsalimu, akamweleza.

"Petroli ninayo hiyo hiyo iliyo tumboni mwa pampu," alisema mkulima. "Na mawingu haya yananidanganya wiki ya ngapi sijui." Alimtazama mama aliyesimama barabarani kwa gauni lake jeusi. "Mnakwenda kwa fundi?"

"Fundi gani?"

"Fundi mwashi. Si anazikwa leo huko juu? Mimi nimeshindwa kwenda, hizi zingekufa." Akaashiria kabichi. Kisha akamwangalia tena mama, na macho yake yakabadilika. "Usiniambie huyo ni…"

"Ndiye mama yake."

Mkulima alizima pampu. Alichomeka mpira ndani ya tangi lake, akavuta kwa mdomo, akatema, akauelekeza mpira kwenye chupa tupu ya maji.

"Na kabichi?" aliuliza Chelewa.

"Kabichi zitanisamehe."

Mama alikuwa ameshuka mpaka shambani. Mkulima alijifuta mdomo, akampa pole huku ameinama. "Mama, hili birika alinijengea yeye," alisema. "Wenzake walitaka kulimaliza haraka. Yeye alirudi peke yake kulisugua ndani, akasema maji yana macho, yanaziona nyufa kabla yetu."

Mama aliweka kiganja juu ya mawe. Alikipitisha kwenye viungo vya saruji, polepole, kama anavyopapasa mfuaji kutafuta doa ambalo jicho limelikosa.

"Alikuwa anasema nini akifanya kazi?"

"Hakuwa msemaji, mama. Alikuwa mtu wa mluzi. Kutwa mluzi."

"Nilimchapa kwa mluzi huo," alisema mama. "Nyumba nzima alikuwa anaitoboa masikio." Midomo yake ilijikunja kama inayotaka kucheka, ikashindwa. Akakaa kwenye ukingo wa birika.

Chelewa alirudi na chupa kwenye pikipiki, akafungua kifuniko cha tangi.

"Mwanangu," mama alimwita. "Usitie mafuta kwanza."

"Tutachelewa, mama."

"Najua."

Mkulima alijitia kwenda kukunja bomba lake. Chelewa alibaki na chupa mkononi, harufu ya petroli ikimpanda puani.

"Yule mwanamke aliyemwoa," mama alisema, "alikuwa ameachwa na mume, na alikuwa amemzidi umri. Mimi sikumtaka. Nilimwambia mwanangu: ukimwoa huyo, siku nikifa usije kunizika. Nilimwambia mbele za watu, akiwa amevaa suti ya harusi. Akaniitikia, 'Haya, mama.' Basi. Hakugomba. Tangu siku hiyo hajakanyaga kwangu, nami sijakanyaga kwake. Sasa nitapita vipi pale langoni? Nimemkataza kunizika, halafu mimi nije kumzika? Pikipiki ilipozimika pale mlimani, mwanangu, nilishukuru. Mungu anisamehe. Nilishukuru."

Simu ikalia tena mkobani.

Chelewa aliweka chupa chini. Hakuwa mtu wa kuwafundisha wakubwa, wala maneno hayakuwa kazi yake. "Mama," alisema, "anayepiga naye anaumia. Kila inapolia bure, anaumia upya. Mimi najua."

Mama akafungua mkoba, akaitoa simu, akampa yeye.

"Mama?" Sauti ya mwanamke ilikuwa imekauka. "Mama, ni wewe?"

"Hapana, dada. Mimi ni dereva aliyembeba. Tuliishiwa mafuta njiani."

"Yuko mzima?"

"Mzima."

Nyuma yake zilisikika sauti za watu wengi na mlio wa majembe. "Nimewazuia tangu asubuhi," alisema yule mwanamke. "Wanaume wamekasirika, wengine wametoka mbali. Nilisema nikipata hata neno moja tu kwamba yuko njiani, wangesubiri. Sikupata neno. Wameshamshusha, kaka. Sasa hivi ninavyosema nawe wanafukia."

"Nimwambie nini?" aliuliza Chelewa.

"Mwambie aje tu."

Alimrudishia mama simu, akamweleza yote bila kupunguza. Mama alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alipomaliza, mama aliinuka, akajipangusa vumbi la saruji viganjani, akasema, "Tia sasa."

Petroli iliingia tangini kwa sauti nyembamba. Injini ikawaka, wakapanda kilima cha pili.

Walipofika, watu walikuwa wanatoka. Wanaume wamebeba majembe mabegani, wanawake wamejifunga kanga na mashuka, wote wakasimama kuitazama pikipiki iliyokuwa inaingia langoni kwa mwendo wa aibu. Nyuma ya nyumba, udongo mbichi ulikuwa umerundikwa na kupigwapigwa kwa migongo ya majembe. Hapakuwa tena na cha kuangalia.

Mwanamume mmoja mzito, mwenye udongo mpaka kwenye viwiko, alimjia Chelewa. "Wewe ndiye dereva? Mtu gani anatoka nyumbani bila mafuta, na amembeba mama wa marehemu? Wewe una mama?"

Mama alifungua kinywa. Chelewa aliwahi.

"Ni kosa langu," alisema. "Nilipita kituo. Mafuta yaliisha."

"Mafuta yaliisha!" yule mtu akawageukia wenzake. "Mmesikia? Mtu hakumwona mwanawe kwa sababu ya mafuta."

Wengine walitikisa vichwa, mmoja akatema mate kando ya gurudumu. Chelewa aliivua kofia ngumu, akaishika kwa mikono miwili tumboni, akasimama wamseme mpaka watosheke. Lilikuwa kosa lake. Halikuwa lake peke yake. Mama alimtazama mara moja, kisha akatazama chini.

Mkamwana alitokea mlangoni. Alikuwa mwanamke mpana, macho yamevimba, kitambaa cha kichwa kimeteleza. Alisimama hatua chache kutoka kwa mkwewe. Watu wote walikijua kisa chao. Wakasubiri wakumbatiane au wagombane.

Mama hakwenda kwake. Hakwenda kaburini pia. Alikuwa ameona kamba ya nguo iliyofungwa kati ya ukuta na mti, na juu yake, peke yake, ovaroli ya bluu iliyopauka, mikono imening'inia. Ilikuwa imekauka siku nyingi mpaka ikawa ngumu. Upepo ulipoigusa iligeuka nzima, kama ubao. Aliiendea, akaikamata kwenye mguu, akaikunja goti, akalileta karibu na macho.

"Nani aliifua hii?" aliuliza.

"Mimi, mama," alisema mkamwana. "Kabla homa haijamlaza. Alisema ataivaa akipata nafuu."

Mama alikwangua goti kwa ukucha. Chembe za saruji zilidondoka.

"Magotini hukusugua."

Mtu mmoja nyuma alivuta pumzi. Machozi yalimtoka mkamwana, akayaacha yatiririke.

"Saruji haitoki kwa maji ya baridi," mama aliendelea, na sauti yake ilikuwa imeanza kupasuka katikati. "Inatakiwa maji ya moto, na iloweshwe kwanza. Utajuaje, hakuna aliyekuonyesha." Aliitoa ovaroli kwenye kamba, akaiweka begani kama mtoto aliyelala. "Una beseni?"

"Ninalo, mama."

"Lete."

Mkamwana aliingia ndani. Watu walianza kuondoka kwa vikundi, wakizungumza kwa sauti ya chini, na hakuna aliyekumbuka kumwambia Chelewa aende au abaki. Aliisogeza pikipiki ukutani, akaiegemeza, akakaa chini kando yake.

Beseni likaletwa, na sufuria ya maji ya moto, na kipande cha sabuni. Wanawake wale wawili walichuchumaa pande mbili, nguo katikati yao. Mama aliipandisha mikono ya gauni lake jeusi, akazamisha ovaroli, akasubiri ilegee, kisha akaanza magotini. Mvuke ulimfunika uso. Mkamwana alishika mguu wa pili, akatazama jinsi mikono ile mikubwa inavyokwenda, akaifuatisha. Maji yaligeuka kijivu, na kila walipoyamwaga na kuweka mengine, yaligeuka kijivu tena.