Hoja Nzuri, Dada

Sisi wa uchochoro huu hatutukanani. Mwalimu mstaafu, msimamizi wa kundi letu la simu, alitoa sheria: salamu kwanza, hoja baadaye, na anayepayuka anatolewa. Kuandika kwa herufi kubwa nako ni kupayuka. Basi tukawa waungwana mpaka tunatia kichefuchefu.

Ubishi wetu ulikuwa magari. Kinyozi huegesha lake pale uchochoro unapoanzia, mbele ya duka lake, na mimi fundi cherehani nilitaka askari wa maegesho waje walifunge minyororo. Yeye alisema hao ni wala rushwa watupu.

"Dada yangu mpendwa," aliandika, "usalama gani huu wa kumwonea mtu anayetafuta riziki?"

"Kaka yangu," nilimjibu, "fikiria ambulensi imekuja, gari lako limeziba njia, na mama yangu hapumui. Itakuwaje?"

Mfano huo niliupenda jamani. Mama ana pumu na kila mtu anajua, kwa hiyo kila tukibishana niliurudia, napunguza hapa, naongeza pale, kama gauni la mteja msumbufu. Mwalimu akanisifu mbele ya wote, nikavimba kichwa.

Asubuhi moja mama akabanwa kweli. Dawa ya kuvuta haikumsaidia, midomo ikaanza kubadilika rangi. Nikaita ambulensi, ikaja upesi, ikakwama nyuma ya gari la kinyozi. Nyumba yetu ndiyo ya mwisho kabisa. Duka lake lilikuwa na kufuli. Nikampigia, akakata, kumbe yuko ofisi ya maegesho analalamikia faini.

Nikafungua kundi. Na bado, Mungu anisamehe, nikaanza na salamu.

"Habari za asubuhi, ndugu zangu. Kaka kinyozi, ambulensi imefika, gari lako limeziba njia, mama hapumui. Tafadhali."

Akajibu papo hapo. "Nzuri, dada. Hoja nzuri, na leo umeieleza vizuri zaidi. Nikitoka huku nitakujibu."

Mwalimu naye akaweka kidole gumba.

Nikaandika: "NI KWELI. NJOO UTOE GARI."

Mwalimu akanitoa kwenye kundi.

Wahudumu walishuka, wakakimbia na machela na mtungi wa oksijeni uchochoro mzima. Walipoingia, mkono wa mama ulikuwa ndani ya wangu, umelegea. Mmoja wao akanishika bega, akaniambia pole.

Kinyozi alikuja msibani, akasimama mlangoni, hakuthubutu kuvua viatu.

"Dada, nilidhani ni mfano."

Nilitaka kumtukana tusi lisilosemeka. Nikamwambia karibu.

Jioni ile Mwalimu alinirudisha kundini ili watu wapate kunipa pole. Wakaandika wote, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alianza na habari za jioni. Ninawachukia kwa adabu yao. Na mimi nikawajibu nzuri.